Kipa Asiyepaza Sauti

Edmonton, London
14 Septemba 2024

Shangazi yangu Suad,

Shikamoo. Kwanza naulizia afya yako, goti lako la kulia, na kuku wa Bi Mize, kama bado wanavuka ua kuja kutaga kwako. Wanafunzi wako waambie kuna mtu London anawaonea wivu, maana wao wanakuona kila siku.

Sisi hatujambo. Mama bado anatunza wazee, zamu zake hazina mpango, na mara nyingi tunapishana kwenye ngazi, yeye akipanda kulala na mimi nikishuka. Baba yuko kulekule ghalani. Mgongo unamsumbua, ila ukimuuliza husema ni baridi. Wote wanakusalimu.

Naandika kwa sababu kwenye simu nashindwa. Unajua mwenyewe: mimi nanyamaza, wewe unasema, "Halo? Halo? Ibtisam, umekufa?" halafu Baba ananipokonya simu. Barua hii nampa Bwana Miraji wa Ilford, anasafiri wiki hii.

Skuli nimemaliza, na matokeo yalikuwa mazuri kuliko nilivyotegemea. Rafiki zangu wameondoka wote karibu kwa pamoja, huyu Leeds, yule Cardiff. Mimi nimebaki. Niliwaambia walimu kwamba napumzika mwaka mmoja. Ukweli anaujua Mama peke yake: nataka kwenda Marekani kucheza mpira chuoni.

Usicheke. Vyuo vya kule vina timu za wasichana, na ukiwa mchezaji mzuri wanakusomesha. Kuna dada mmoja Mkenya, Serah, aliyesoma hivyo yeye mwenyewe. Kila Jumamosi anatukusanya wasichana wachache katika uwanja ulio karibu na reli na kutufundisha namna ya kutafuta nafasi. Maana makocha wa kule hawaji huku kukutazama. Unawapelekea video ya mechi zako na matokeo yako, na unamwandikia kila kocha barua pepe wewe mwenyewe. Mabeki na washambuliaji wanatakiwa wengi. Mimi ni kipa, na kipa huchukuliwa mmoja tu, tena mpaka aliyepo aondoke.

Niliwaandikia makocha mwezi wa saba. Hakuna aliyejibu. Jumamosi iliyopita Serah akataka kuona nilichoandika. Akasoma, akakaa kwenye majani, akacheka mpaka machozi.

"Ibtisam! Umewauliza hawa watu kama mvua imenyesha?"

"Ndiyo."

"Na wazazi wao hawajambo?"

"Si ndivyo barua inavyoanza?"

"Barua ya nani?"

Nikasema ya shangazi yangu. Akafuta macho, akaniambia kocha anapokea barua nyingi kuliko anavyoweza kusoma, na mstari wa kwanza anataka urefu wako, nafasi unayocheza na video yako. Video yangu niliiweka chini kabisa, baada ya kuwaombea heri wao na watu wa nyumbani kwao. Hakuna aliyefika huko chini.

Sasa ombi langu. Baba hajui kitu. Serah anasema nina miaka kumi na minane, naweza kusaini mwenyewe. Lakini Shangazi, mimi sitaki kuondoka bila radhi yake. Wewe ni dada yake mkubwa. Ukimwambia wewe atasikiliza. Utamwambia?

Mwanao,
Ibtisam

*

Wete, Pemba
27 Oktoba 2024

Mwanangu Ibtisam,

Marahaba, na marahaba nyingine kwa ajili ya mwandiko wako, umetulia. Bwana Miraji aliileta barua mwenyewe. Alikaa, akanywa chai, akasifu mandazi, akaaga, akaondoka nayo mfukoni. Ilibidi nimfuate mpaka kwa muuza mkaa na goti langu hili. Basi umeshajua hali ya goti.

Kuku wa Bi Mize wanataga kwangu kama kawaida. Yeye analalamika kuwa hawatagi siku hizi. Mimi nampa pole.

Huyo Serah mwambie asicheke sana. Kocha asiyejibu salamu, kipa anamtakia nini? Lakini fanya anavyokuelekeza, kwa sababu yeye ndiye aliyefika huko. Mimi nimefundisha mchezo wa netiboli miaka mingi na sijapeleka mtoto mbali zaidi ya Chake Chake.

Najaribu kukufikiria golini. Ulipokuja hapa ukiwa na miaka tisa ulikuwa ukijificha nyuma yangu hata akija muuza maziwa. Ulikuwa ukinishika kanga kwa ngumi. Labda mikono hiyohiyo ndiyo inayodaka sasa.

Habari ya hapa ni kwamba kile chumba cha upande wa barabara nimekipaka chokaa. Fundi ametia wavu dirishani, mbu hawapati pa kupita. Kuna skuli ya watoto wadogo hapa jirani, wanatafuta mtu wa kuwafundisha Kiingereza, hata kama hana cheti. Nakwambia tu.

Karafuu mwaka huu ni chache. Mama yako mpe pole ya zamu. Baba yako mwambie dada yake anaulizia mgongo.

Shangazi yako,
Suad

*

Edmonton
8 Desemba 2024

Shangazi yangu,

Nimefurahi kusikia kwamba unampa Bi Mize pole. Mama alicheka mpaka akachelewa basi. Mgongo nimeuulizia kwa niaba yako. Amesema ni baridi.

Huku saa kumi jioni kumeshaingia giza. Nimepata kazi ya siku chache kwa wiki katika duka la dawa la Bwana Darshan, napanga vitu kwenye rafu. Yeye huzungumza Kiswahili cha Mwanza na mimi, na wateja hudhani tunagombana.

Kuhusu mpira. Serah alitazama video yangu mpya, akasimamisha katikati.

"Hii imekatika sauti?"

Haikukatika. Mbwa wanasikika na treni inasikika. Nisiyesikika ni mimi. Kipa ndiye anayeuona uwanja wote, anatakiwa awaambie wenzake nani arudi na nani amkabe nani. Serah akasema, "Mikono unayo, dada. Lakini kocha akitazama hii atadhani goli halina mtu."

Nilijaribu. Kwa Kiingereza neno linafika kooni linarudi, naogopa kukosea mbele za watu. Halafu siku moja ya mvua wapinzani wakapiga kona. Beki wangu Plamedi, ambaye watu wake ni wa Bukavu, alisimama mbele yangu kama kabati. Sikufikiri. Nikasikia mtu anapiga kelele, "Toka! Wangu!" Plamedi akainama, nikaudaka. Uwanja mzima ukageuka kunitazama. Nilikuwa mimi.

Tangu siku hiyo mabeki wote wamejifunza. Toka, rudi, wangu, kushoto. Kuna msichana mmoja, Shilpa, bibi yake ni wa Nairobi, ananijibu "Haya, mwalimu!" kila nikimwita. Serah anapaza sauti kutoka pembeni, "Wape, mama! Wape!"

Na jambo jingine. Kocha mmoja amejibu, katika zile barua za zamani, zile za mvua. Anaitwa James, chuo chake ni kidogo na kiko Iowa, ambako Serah anasema kuna mahindi na upepo. Ameandika kwamba aliiona barua yangu akiwa anapanga kuzifuta za zamani. Ameandika kwamba mvua haijanyesha, na kwamba mama yake amevunjika nyonga, na kwamba hakuna mchezaji aliyewahi kumuuliza. Kisha akaandika kwamba kipa wake anamaliza mwakani. Nimpelekee video.

Nimempelekea ile yenye sauti.

Plamedi amepata chuo chake, anaondoka Januari. Baada ya mazoezi huwa tunakula chipsi kituoni, tunaacha basi la kwanza lipite makusudi ili tuzungumze. Sijui basi la kwanza nitaliacha lipite kwa ajili ya nani.

Nafurahi kwamba chumba kimepata wavu.

Baba bado hajui. Shangazi, hukunijibu kuhusu Baba.

Mwanao,
Ibtisam

*

Wete
16 Februari 2025

Mwanangu,

Usinihesabie kimya. Barua yako ilikaa Unguja na binti mmoja aliyekuja harusini akasahau kwamba Pemba ipo. Nimeipata juzi.

Hongera kwa sauti. Niliwasomea wanafunzi wangu habari ya "Toka! Wangu!" na sasa hawaniachi. Huyo kocha aliyejibu salamu ana mama, basi ana adabu. Mama yake mwombee afueni kwa niaba yangu. Nyonga ni mbaya kuliko goti.

Ramadhani inakaribia. Nitafuturu peke yangu kama mwaka jana, au na Bi Mize akija, na akija huleta uji wake usio na sukari. Godoro nimenunua, la pamba, si sponji. Nililianika siku nzima. Chumba kina harufu nzuri ya chokaa mpya. Umefurahi kwamba kimepata wavu. Basi.

Baba yako ni mtu wa kuamua polepole. Alipoondoka hapa baada ya zile vurugu za Januari mwaka elfu mbili na moja alifunga mfuko mmoja, akasema anakwenda Shimoni, kule Kenya, kwa wiki mbili. Wewe umezaliwa katika wiki mbili hizo, na mpaka leo hazijaisha. Usimharakishe.

Funga vizuri, kula daku, usifanye mazoezi mchana wa saumu bila akili.

Shangazi yako,
Suad

*

Edmonton
2 Aprili 2025

Shangazi yangu,

Idi njema, na Mungu azipokee saumu zetu, pamoja na uji wa Bi Mize. Sisi tulisali, Mama akapika biriani, akapakia nusu kwenye kopo akaenda kazini. Mimi na Baba tulikula wawili. Aliniwekea mnofu wake kwenye sahani yangu.

Amejua. Kocha James aliipenda video, na kabla ya kutoa nafasi alitaka tuonane kwa video na wazazi wangu. Mama akamweleza Baba jikoni, mimi nimesimama ukumbini nimeshika kitasa. Alipotoka alinipita akasema, "Tutazungumza." Hatukuzungumza. Lakini siku ya video ilipofika alivaa koti lake la arusi na kofia, akakaa kitako kwenye kiti, mikono juu ya magoti kama aliyeitwa na hakimu.

Kocha alieleza kila kitu, masomo, chumba cha kulala, chakula cha halali. Wanawake wawili kwenye timu wanavaa mtandio kama mimi. Alitamka "wangu" akaniuliza kama ametamka sawa. Halafu akamuuliza Baba kama ana swali.

Baba aliinyoosha kofia yake. Kisha akasema, "Akifiwa, mtamruhusu aje kuzika?"

Kocha akashtuka kidogo. Akasema, "Ndiyo, bwana. Siku hiyohiyo."

"Na tiketi ikikosekana?"

"Nitamtafutia mimi."

Baba akaitikia kwa kichwa, akamshukuru, akamuuliza hali ya mama yake. Nyonga inaendelea vizuri. Kisha akainuka akaenda kusali, ijapokuwa wakati ulikuwa bado.

Nafasi nimepewa, Shangazi. Watanisomesha. Na Baba hajasema ndiyo wala hapana. Mama amemuuliza, anasema, "Kuna mtu wa kuzungumza naye kwanza." Hasemi ni nani. Serah amekasirika kwa ajili yangu. "Saini, msichana! Nafasi haisubiri baba." Nimesaini, maana siku zilikuwa zinakwisha. Lakini nimemwambia Serah na nakwambia wewe: bila neno la Baba sipandi ndege.

Plamedi ameshaondoka. Mazoezini siku hizi tunakuwa wachache, na wasichana waliobaki ni wadogo, wanafuatwa na mama zao kwa gari. Narudi peke yangu. Basi la kwanza nalipanda.

Kuhusu chumba. Nimeona kila ulichoandika, chokaa, wavu, godoro la pamba. Nilijifanya sikuona kwa sababu sikujua niseme nini. Shangazi, kitanda hicho sitakilalia mwaka huu. Nisamehe kwa kuliandika hivi, sijui namna nyingine.

Nakuomba kwa mara ya mwisho, sitakusumbua tena. Zungumza naye.

Mwanao,
Ibtisam

*

Wete
18 Mei 2025

Ibtisam,

Barua yako niliiweka chini ya mkeka wa kusalia nikakaa nayo. Sikukasirika. Ndiyo, nilikasirika kidogo.

Mtu ambaye baba yako anataka kuzungumza naye ni mimi.

Mama yetu, bibi yako, alifariki baba yako akiwa huko London bila makaratasi. Angetoka asingeweza kurudi, na mama yako alikuwa na mimba yako. Nilimzika mama na majirani. Ulipozaliwa baba yako alinipigia simu akasema, "Dada, wewe Mungu hakukupa mtoto, na mimi sikuwepo kumzika Mama. Huyu ni wako pia. Akimaliza skuli atakuja akae nawe." Sikumwomba. Alisema mwenyewe, na ahadi ni deni. Watu hapa hupeana watoto walelewe, si jambo geni, hata mimi nililelewa na shangazi yangu miaka minne. Ulipokuja ukiwa na miaka tisa ilikuwa ni kuonyeshwa nyumba.

Hukuambiwa. Tulidhani utakuja tu, kama mtu anavyokuja kwao.

Kwa hiyo ulikuwa unaniomba nimshawishi mtu avunje ahadi aliyonipa mimi. Hukujua, na mimi sikutaka kukwambia, kwa sababu ningekwambia ungekuja. Nakujua. Ungekuja ukakaa kwenye chumba kile ukafundisha watoto wadogo na kunipikia, na usingesema neno, na mimi ningekuwa nakusikia usivyosema kila siku. Kipa wa chumbani simtaki.

Ijumaa nilimpigia baba yako. Tulisalimiana muda mrefu, maana tulikuwa na salamu nyingi za zamani. Kisha nikamwambia, "Muhiddin, ile ahadi nimekuachia, si deni tena." Akasema, "Dada, usiseme hivyo." Nikamwambia imeshasemwa. Mengine tuliyozungumza ni ya kwetu wawili.

Chumba amepewa mwalimu mpya kutoka Makunduchi, Siham, msichana mwembamba. Anakoroma, nani angefikiri? Anakula vizuri.

Radhi yangu unayo tangu ulipokuwa ukinishika kanga. Ya baba yako akupe mwenyewe, hiyo siwezi kumtolea.

Suad

*

Edmonton
4 Agosti 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mwalimu Siham hajambo? Mwambie alale ubavu, Mama anasema kukoroma kutapungua. Mama amepunguza zamu, na Baba sasa anakubali kwamba mgongo unauma, daktari amempa mazoezi, anayafanya sebuleni tukiwa tumefunga macho.

Barua yako ya Mei niliisoma kwenye basi, nikapitiliza kituo changu mpaka mwisho wa njia. Dereva akanambia nishuke. Nilirudi kwa miguu. Nilikaa muda mrefu bila kukuandikia kwa sababu kila nilipoanza, niliandika "nakuja". Mara mbili niliiandika nikaichana. Ulisema unanijua, na kweli.

Sikujua kwamba kuna mtu ananingoja tangu nizaliwe. Mwaka mzima nimekuandikia kuhusu upweke wangu, wewe ukaanika godoro.

Viza nimepata. Baba ndiye aliyenipeleka ubalozini, akangoja nje kwenye mvua, nilipotoka akanitazama usoni tu akasema, "Haya." Tiketi ni ya Alhamisi. Serah aliniletea glavu zake alizochezea chuoni, zimepasuka dole gumba, akasema nisizivae, nizitazame tu. Kila kitu kilikuwa tayari, Shangazi, ila neno la Baba. Juni nzima nilingoja, na Julai. Niliamua kwamba lisipokuja mpaka Jumatano nitamwandikia Kocha James nimwombe radhi, na barua ningeianza kwa kumuulizia mama yake.

Jana asubuhi nilikwenda uwanjani peke yangu. Wasichana wote wako likizo, nilikuwa naupiga mpira kwenye ukuta wa chumba cha kubadilishia nguo na kuudaka. Nikageuka, nikamwona Baba anakuja kwenye majani na viatu vya ghalani, mwavuli mkononi. Hajawahi kuja, tangu nianze.

"Kipa husimama wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha. Akautegemeza mwavuli kwenye nguzo, akauweka mpira chini, akarudi hatua chache. Alipiga polepole, upande wa kulia. Ningeudaka hata kwa goti. Lakini ni Baba. Nikaruka nikiwa nimechelewa, nikauacha upite.

Akanitazama. "Umeniachia."

"Hapana, Baba."

"Umeniachia. Ukiniachia mimi utawaachia na wao. Tena!"

Wa pili nikaudaka. Akasema, "Eh!" kama mtu aliyemwagiwa maji. Wa tatu aliupiga kwa nguvu zake zote na ule mgongo wake, ukapaa juu ya goli, ukaenda mpaka kwenye uzio wa reli. Magoli ya huku hayana nyavu. Nikataka kukimbia kuuchukua.

"Kaa golini," akasema. "Nitaufuata mwenyewe."

Akaenda. Uwanja ni mrefu. Nilimwona anainama, anauokota, halafu akabaki amesimama ananipa mgongo, uso kwenye uzio. Treni ikapita. Ikapita nyingine. Nikabaki golini kama alivyoniambia.

Aliporudi aliufuta mpira kwa mkono wa shati lake, hakuutupa, akaniwekea mikononi.

"Dada amekuachia," akasema. "Basi na mimi nimekuachia. Radhi yangu unayo, hapa na huko. Twende, mama yako hajui kufunga begi."

Akachukua mwavuli akatangulia, haraka, kwa mtu mwenye mgongo mbovu. Njia nzima hakugeuka nyuma. Mimi nina miguu mirefu kuliko yake, ningeweza kumfikia, lakini sikutaka kumwona usoni kabla hajawa tayari, basi nikamfuata nyuma, mpaka mlangoni.

Mwanao bado,
Ibtisam